Muulize Shangazi wa Mwaloni: Mwamba Ukifungwa, Nani Anakula?

Mwangaluka, wasomaji wangu. Toleo lililopita, nikiwa nazungumzia bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, niliandika sentensi moja tu kwamba kwenye kisiwa cha Mafia, kule baharini, watu na watalii wanalinda matumbawe pamoja, na sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko mabondo yenyewe. Nimechagua nne. Za ndoa nimempelekea mwenzangu wa ukurasa wa nyuma kama kawaida. Shangazi wa huku anajibu ya majini tu.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nimesomea uvuvi Nyegezi, na katikati ya miaka ya 1990 nikapangiwa kazi Mafia nikiwa binti wa ziwani asiyejua maji kupwa wala maji kujaa. Siku ya kwanza nilifunga boti ya ofisi kwenye mkoko, nikaenda zangu kunywa chai. Narudi, boti imelala kwenye tope, bahari iko kule, mbali kama goli la pili la uwanja wa mpira. Nilipiga kelele kwamba tumeibiwa maji. Mpaka leo kuna wazee wa kule wakinipigia simu wanaanza na hiyo kabla ya salamu. Sasa nimestaafu, nakaa Igombe, naamshwa na injini za wavuvi wa dagaa wanaporudi alfajiri.

Ni jiwe au ni mnyama?

*Shikamoo Shangazi. Mimi nasoma darasa la saba hapa Ilemela. Mwalimu alisema matumbawe ni wanyama. Rafiki yangu amewahi kufika Dar es Salaam, anasema ameyashika, ni mawe. Nani mkweli? Na mbona ziwani kwetu hayapo?*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu mpe alama zote, rafiki yako mpe nusu. Tumbawe ni mnyama mdogo, laini, mwenye mdomo uliozungukwa na mikono myembamba kama nyuzi. Wengi hawafiki upana wa ukucha wako wa kidole kidogo. Mnyama huyo hujijengea nyumba ya chokaa, na hawajengi mmoja mmoja, wanajenga maelfu kwa maelfu wakiwa wameshikana. Wakifa, nyumba inabaki na wengine wanajenga juu yake. Rafiki yako aliikuta nyumba, mwenye nyumba hakumwona. Hata majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe.

Ndani ya mwili wake mnyama huyu ana mpangaji: mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenye nyumba kodi ya chakula. Rangi nyingi unazoziona kwenye picha ni za mpangaji. Maji yakizidi joto wanagombana, mpangaji anatimuliwa, tumbawe linabaki jeupe. Joto lisipopungua mapema, linakufa njaa. Mwaka 1998, joto la El Nino lilipopita Bahari ya Hindi, nilizama na wenzangu mahali nilipopajua kama jikoni kwangu, nikadhani nahodha amepotea njia. Kote kweupe, kama mtu amemwaga unga wa muhogo.

Ziwani hayapo kwa sababu matumbawe yanayojenga miamba yanataka maji ya chumvi. Lakini usijione mnyonge. Chini ya maji, kwenye mawe yetu haya ya Mwanza, kuna furu wa mawe ambao wavuvi wetu huwaita mbipi: wa bluu, wa njano, wekundu. Jike huchagua dume kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi katika ghuba yetu walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka jike hazitofautishi rangi vizuri, na aina mbili zilizokuwa mbalimbali zinaanza kuoana mpaka zinakuwa moja. Kwa hiyo tope linaloshuka kutoka mashamba ya vilimani linaweza kumaliza aina ya samaki bila kumuua hata samaki mmoja. Mwambie mwalimu awapeleke ufukweni na darubini ya ndege. Mbipi hamtawaona, lakini tope mtaliona.

"Mnatufukuza ili wazungu wapige picha"

*Shikamoo Shangazi. Ni katibu wa BMU, kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi, katika mwalo mmoja upande wa Ghuba ya Speke, usiutaje tafadhali. Tuna mwamba unaoingia majini na kando yake kighuba cha mchanga chenye matete. Ni mazalio ya sato, kila mtu anajua. Uongozi tulipendekeza pafungwe miezi sita. Jirani kuna mwenye hoteli ndogo anayetaka kuleta watalii wapige kasia pale, waangalie ndege na labda waogelee na miwani kuona samaki. Amesema atachangia kijiji. Mkutano ulivunjika. Mzee mmoja alisimama akasema: "Mnatufukuza sisi ili wazungu wapige picha." Wakampigia makofi. Wewe uliandika kwamba Mafia watu na watalii wanalinda matumbawe pamoja. Walifanyaje?*

Marahaba, katibu. Yule mzee usimnunie. Amesema kwa sauti jambo ambalo nusu ya mkutano walikuwa nalo tumboni, na afadhali anayelisema mkutanoni kuliko atakayelisema usiku kwa kokoro, ule wavu wa kukokota.

Nikusimulie kosa langu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ya mwaka mmoja kabla. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vizima, na misikiti yao na makaburi ya babu zao. Watu hawakuhamishwa. Sasa kuishi ndani ya hifadhi kunataka makubaliano: hapa avue yeyote mwenye kibali, hapa wavue wenyeji kwa zana fulani, hapa asivue mtu. Mimi kijana, nina ramani yenye rangi, nikaenda kijiji kimoja kuieleza. Walikuja wanaume kama arobaini. Nikaeleza, wakatikisa vichwa, nikaandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameafiki.

Wiki mbili baadaye nikaitwa na kina mama, wamefura. Ile rangi nyekundu niliyokuwa naionyesha kwa fimbo, ya asivue mtu, ilikuwa ndipo wanapochokoa pweza kwa miguu. Nikauliza, mbona hamkuja mkutanoni? Mmoja akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Siku ile yalikuwa maji ya bamvua, mwanangu. Ulituita tukiwa kazini." Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inakupwa sana na mwamba unabaki wazi. Saa hizo mwanamke wa pwani mwenye fimbo ya pweza hakai chini ya mwembe kusikiliza ofisa. Nilikuwa nimekusanya kijiji kizima isipokuwa wenye mwamba.

Mkutano wenu uliovunjika mliuita lini? Kama ilikuwa siku za giza, wavuvi wa dagaa walikuwa wamelala au wako visiwani. Itisheni siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na kila mtu yuko mwaloni anashona nyavu. Na msiwaite wenye mitumbwi peke yao. BMU ni ya mchuuzi, ya mkaangaji, ya mama anayeanika dagaa, ya baharia anayelipwa kwa mgawo. Hebu fungua daftari la mahudhurio uhesabu walikuwa wangapi. Watoto wa ndoano je? Wale wanaovua mboga ya jioni juu ya mwamba huo huo? Hao ndio watakaokosa chakula siku ya kwanza ya kufunga. Mwenye injini atahamia kwingine kabla jua halijatua.

Ninyi mmeanza na miezi sita. Kilichowafanya watu wengi wa pwani waamini kufunga kilikuwa pweza. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ushei, na anakua haraka ajabu. Ukimwacha miezi miwili mitatu unamkuta mtu mwingine kabisa. Kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska kilijaribu mwaka 2004 kupumzisha sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Walipofungua wakapata pweza wakubwa, jirani wakaiga, na mtindo ukavuka hadi kwetu. Pemba wanasema kufunga mwamba, na siku ya kufungua ni kama Idi: mizani iko ufukweni, wanunuzi wamekuja, kila mtu anaona kilo kwa macho yake.

Lakini sato si pweza. Dume anachimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike anataga, anayachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo humo, na vifaranga wakishtuka wanakimbilia kinywani kwa mama. Kokoro likipita linafuta viota na kumzoa mama na wanawe kwa mkupuo mmoja. Mkifunga mnawaokoa hao, sawa. Ila kifaranga cha leo mpaka afike sentimita 25 zinazoruhusiwa na kanuni, miezi yenu sita itakuwa imekwisha na kapu la yule mzee ni lile lile. Atawaita waongo, na hatakuwa amekosea.

Mahali nilikosikia pamefanikiwa, pamechukua miaka. Kuruwitu, kule Kilifi nchini Kenya, wavuvi wenyewe walitenga hekta kama 30 za mwamba mwaka 2005. Wanaita tengefu. Wageni wanalipa kuogelea humo na baadhi ya wavuvi ndio wanaowaongoza. Kisiwa cha Apo, Ufilipino, wamelinda kipande cha mwamba wao tangu 1982. Kote huko mvuvi hali samaki wa ndani ya uzio. Anakula wale wanaojaa mpaka wanavuka mpaka. Kujaa huko hakuji kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo rudini mkutanoni mseme miaka miwili, si miezi sita, na mseme kwa nini. Tena pimeni sasa, kabla ya kufunga. Chukueni daftari na rula, chagueni mitumbwi kumi inayovua jirani na mwamba, na kila wiki mwandike sato wangapi na urefu gani. Daftari hilo apewe yule mzee. Sifanyi utani. Anayepinga ndiye awe mhesabu, maana namba zake hakuna atakayesema zimepikwa na uongozi. Ofisi ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, iko hapa hapa Mwanza. Waombeni waje waone mazalio yanaanzia wapi hasa, msije mkafunga jiwe mkaacha mchanga.

Sasa mwenye hoteli. Hapa ndipo ninapopoteza usingizi.

Baadaye nilihamishiwa sehemu nyingine ya pwani, sitaitaja. Kulikuwa na mwamba uliofungwa vizuri, wageni wanakuja kwa boti, wanalipa kiingilio, kijiji kimeahidiwa kisima. Mwaka wa kwanza hakuna kisima. Wa pili, mlango wa ofisi ya kijiji ukapakwa rangi. Wa tatu tukaanza kusikia mlio wa baruti usiku. Baruti, kwa wasioijua, inapigwa majini samaki wanazimia na kuelea, na tumbawe lililokua kwa miaka mingi linabaki kifusi. Mengine hukua sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kichwa cha urefu wa mtu ni umri wa babu na babu yake. Usiku mmoja tulimkamata kijana. Hakukimbia. Akaniangalia akauliza: "Dada, wewe mshahara wako unatoka wapi?" Nilikuwa na jibu la kisheria. La kibinadamu sikuwa nalo, maana fedha za wageni waliopita juu ya mwamba wa baba yake hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Basi neno "atachangia" lifuteni. Iandikwe shilingi ngapi kwa kila kichwa kinachopanda mtumbwi. Anayehesabu vichwa awe kijana wa BMU aliyesimama gatini, asiwe mhasibu wa hoteli. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, na kila mwisho wa mwezi karatasi ibandikwe ukutani mwaloni, pale mnapobandika bei, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: wageni kadhaa, shilingi kadhaa, zimefanya hiki. Hata kama ni shilingi elfu tisa. Hasa kama ni elfu tisa. Na wapiga kasia watoke kwenu, wakiwemo hao waliokuwa wakivuta kokoro. Mtu anayemweleza mgeni kiota cha sato asubuhi anaona haya kukifuta jioni. Sisemi wote.

Kuogelea na miwani, hapana. Mwambieni mwenye hoteli bahari na ziwa si ndugu wa tumbo moja. Kwenye maji mafupi yenye matete kuna konokono, na penye konokono hao kuna kichocho. Halafu kuna mamba na kiboko ambao hawasomi matangazo. Mgeni apige kasia, aangalie mnandi na tai mlasamaki, ale sato aliyevuliwa nje ya mpaka na kupimwa kwa rula mbele yake. Injini zisiingie kighubani kabisa.

Jambo la mwisho kwako, ambalo najua wataalamu wenzangu watanipigia simu. Mimi ningeacha upande mmoja wa mwamba wazi kwa ndoano, kwa wakazi wa kijiji tu, mchana tu. Kitabuni ni makosa: ukifunga, funga. Lakini nimeona mpaka mkali uliovunjwa na kila mtu, na nimeona mpaka legelege ulioheshimiwa, na sato wa mtoto mmoja kwa ndoano hawezi kulinganishwa na kokoro la watu wanane. Mkishakubaliana, msibaki na muhtasari kabatini. Upite mkutano mkuu wa kijiji, uende halmashauri uwe sheria ndogo, afisa uvuvi wa kata awe na nakala. Bila hivyo siku mtakapomkamata mtoto wa mkubwa fulani, ninyi ndio mtakaolala ndani.

Matumbawe ya sebuleni

*Shangazi, heri ya siku. Mimi ni mwalimu, Nyamagana. Likizo iliyopita tulikwenda Zanzibar, nikanunua ufukweni tawi la tumbawe jeupe na kombe moja kubwa refu, vimependeza sana juu ya kabati la televisheni. Binti yangu amerudi shule akasema tumeiba baharini. Niyarudishe? Au niyatupe ziwani?*

Mwalimu, ziwani usitupe. Mbipi wetu hawajaagiza samani. Wala kurudisha hakusaidii, tawi hilo limekufa. Weupe unaoupenda ni mifupa. Likiwa hai lingekuwa la kahawia au kijani, na aliyekuuzia alilianika kwanza mpaka harufu ikaisha.

Hilo kombe ndilo linaloniuma zaidi. Kama ni lile lenye ncha upande mmoja na mdomo mpana upande wa pili, ambalo watu wa kale walilipuliza kama baragumu, basi mwenye nyumba hiyo ni konokono anayekula viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota. Yupo kiti cha pweza mmoja mnene, amejaa miiba, ana mikono zaidi ya kumi, na chakula chake ni matumbawe: anajilaza juu yake, akiondoka nyuma kumebaki weupe. Maadui wake si wengi. Mmoja yuko juu ya kabati lako.

Hukujua, na aliyekuuzia anatafuta mlo kama sisi wote. Ila jua kwamba matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Kwa hiyo usimpe zawadi yule rafiki yako wa Ulaya, atanyang'anywa uwanja wa ndege na kutozwa faini juu. Yapeleke shuleni. Yawekwe kwenye meza ya sayansi, na maelezo aandike binti yako. Safari nyingine nunua kikoi.

Mgeni akikanyaga, nitamwambiaje?

*Shikamoo Shangazi. Nimemaliza mafunzo ya kuongoza watalii hapa Mwanza, mazoezi nilifanya Saanane. Nimepata kazi ya msimu kwenye boti inayopeleka wageni kuzamia Unguja. Nafurahi na naogopa. Wanyama wa nchi kavu nawajua. Matumbawe sijawahi kuyaona. Na mgeni akikanyaga nitamkatazaje wakati ndiye anayelipa?*

Marahaba, binti yangu, na hongera. Mwoga wa namna yako ndiye anayefaa. Waliojiamini siku ya kwanza ndio waliotia nanga juu ya matumbawe nikiwatazama.

Kumkataza mgeni akiwa majini umeshachelewa. Ana miwani usoni, ana mpira mdomoni, ana hofu, na mtu mwenye hofu anatafuta pa kusimama. Atasimama juu ya tumbawe, si kwa ubaya, kwa sababu ndilo lililopo. Maneno yote yasemwe botini, kabla hajalowa. Usianze na "ni marufuku". Mwambie alichoambiwa yule mtoto wa darasa la saba hapo juu: kile utakachokiona ni mnyama, ana ngozi nyembamba, mguso wako unamjeruhi. Mwambie mapezi ya mpira aliyovaa miguuni yana urefu kuliko anavyodhani, akipiga teke karibu na chini anavunja tawi na kutimua mchanga unaowafunika wanyama hao. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kujiokolea na usimwone haya kumshika mkono. Ukiona mgeni anahangaika, mpeleke mahali penye mchanga asimame, apumue, kisha mrudi. Hapo hujamkataza chochote, umemhudumia.

Mafuta ya jua ataniuliza kila msomaji, basi niyaseme haraka. Baadhi yana dawa zinazodhuru matumbawe. Palau, nchi ndogo ya visiwa katika Pasifiki, imepiga marufuku mafuta ya aina hiyo tangu 2020. Wewe waambie wageni wavae fulana ya mikono mirefu. Mgongo hauungui na bahari hainywi mafuta. Palau hao hao, tangu mwisho wa 2017, kila mgeni anapoingia anagongewa muhuri wa kiapo ndani ya pasipoti na kuweka sahihi kwamba atatunza visiwa vyao. Maneno yaliandikwa kwa msaada wa watoto wa nchi hiyo. Ninyi hamna muhuri, lakini kabla injini haijawashwa unaweza kumwomba kila mgeni akujibu kwa mdomo wake: hutagusa? Hutasimama? Hutachukua? Mtu akishasema "sitachukua" mbele ya wenzake, mkono unakuwa mzito.

Omba pia mwajiri wako akupeleke Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, siku moja ukajionee. Mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, waliofundishwa kumweleza mvuvi mwenzao badala ya kumfukuza. Hela za wageni wanaolala pale ndizo zinazosaidia kuwaleta watoto wa shule za Unguja, wengi wao wamezaliwa mita mia kutoka baharini na hawajawahi kutazama chini ya maji. Waangalie walinzi hao wanavyozungumza. Hawapandishi sauti.

Na usisahau nchi kavu. Upande wa Paje na Jambiani maji yakipwa utaona vijiti vimepangwa mistari kwenye maji mafupi. Ni mashamba ya mwani ya kina mama. Wageni hupita katikati kama bustani ya jiji na kupiga picha bila kuuliza. Wewe tangulia, salimia, omba njia. Mgeni akitaka picha, aombe kwanza. Na akitaka kusaidia zaidi ya kiingilio, ipo kazi nyepesi: kule Mafia papa potwe, yule samaki mkubwa mpole mwenye madoa, hutambuliwa kwa madoa yake kama sisi kwa alama za vidole, na picha za wageni zimesaidia watafiti kujua nani amerudi msimu huu. Mgeni anayejua picha yake ina kazi anaipiga kwa utulivu, hamkimbizi samaki.

Wageni watakuuliza umetoka wapi. Usiseme tu "bara". Waambie kuhusu Saanane, kisiwa kinachobeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale kabla hakijawa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Wengine watapanda ndege waje, na katibu wa barua ya pili atawahesabu gatini.

Jambo moja limenitia wasiwasi. Umeniandikia ukurasa mzima, mbele na nyuma, na hukusema popote kama unajua kuogelea. Sisi watoto wa ziwani tunajulikana: tumezaliwa majini na wengi wetu tukianguka gatini tunapiga mayowe. Umesema unaondoka mwezi ujao. Tafuta mwalimu wa kuogelea wiki hii, bwawani, si ufukweni, na usikate tikiti ya basi mpaka umevuka bwawa mara nne bila kushika ukuta.